Wembe, Bomba na Chupa ya Damu

Saa nne asubuhi, msikilizaji, Mtaa wa Congo pale Kariakoo huwa umeshafurika. Wabeba mizigo wanapiga mluzi wapishwe njia, wauza nguo wananadi kwa vipaza sauti, na katikati ya msukumano huo anapita kijana mwenye beseni la plastiki. Ndani ya beseni mna chupa za rangi ya kucha, pamba, tupa na kikasi kidogo cha kukatia ngozi ya pembeni mwa ukucha. Dada anayeuza mitandio anamwita, anavua kandambili, ananyoosha mguu, na kazi inafanyika palepale huku wateja wakiulizia bei. Kikasi kinateleza. Tone la damu linatoka, linafutwa kwa pamba, wawili hao wanacheka na mambo yanaendelea. Baada ya muda mfupi kijana yuko kibanda cha nne kutoka hapo, kwa mama mwingine, na kikasi ni kilekile.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Kijana anatafuta riziki, dada anataka miguu ipendeze, bei ni nafuu na huduma imemfuata mteja kazini kwake. Ila kwenye makali ya kikasi kile inaweza kubaki damu ambayo jicho haliioni, na kabla ya adhuhuri damu hiyo imeshapita vidole vya watu wengi wasiojuana.

Virusi vinavyosumbua zaidi kwa njia hii ya damu kwa damu ni vya aina tatu: virusi vya UKIMWI, virusi vya homa ya ini B na virusi vya homa ya ini C. UKIMWI unajulikana. Tangu wagonjwa watatu wa kwanza walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, redio imeusema, shule zimeufundisha, misikitini na makanisani umehubiriwa. Homa ya ini imesemwa kidogo mno, na hilo linasikitisha, maana kirusi cha B ni kigumu kuliko cha UKIMWI. Kwenye damu iliyokauka kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wataalamu wanakadiria hivi: muuguzi akijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni kama 3 katika kila 1,000. Sindano hiyo ikiwa imetoka kwa mgonjwa wa homa ya ini B, na muuguzi hajachanjwa, wanaoambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Wala mgonjwa hana alama usoni. Mtu anaweza kuishi na kirusi cha B au C miaka 20, anabeba mizigo, anauza duka, anaoa na kuozesha, mpaka siku ini linapokakamaa au kuota saratani.

Kula sahani moja hakuambukizi magonjwa haya. Kupeana mikono hakuambukizi, wala kubanana ndani ya mwendokasi kutoka Gerezani hadi Kimara. Ngono isiyo salama inaambukiza, na mama anaweza kumwambukiza mtoto. Mazungumzo ya leo yanahusu njia ya tatu, ile ya vyombo vyenye ncha na makali, kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyozagaa mitaani bila watu kuitupia jicho.

Somo lake kali kuliko yote kuhusu damu, Dar es Salaam ililipata mahali ambapo wengi hawataki kupatazama: kwenye maskani za watumiaji wa unga. Heroini ilianza kuonekana jijini katika miaka ya 1980, na mwanzoni ilivutwa, mara nyingi ikichanganywa na bangi ndani ya sigara. Kuelekea mwaka 2000 ikaja heroini nyeupe, inayoyeyuka upesi kwenye maji. Unga unaoyeyuka kwenye maji unaingia kwenye bomba la sindano. Haukupita muda mrefu, kujidunga kukaenea Kinondoni, Temeke, Magomeni na kwenye vichochoro vya katikati ya jiji, na bomba moja likawa linazunguka mikono mitatu, minne, likioshwa kwa maji ya chupa au bila kuoshwa kabisa.

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha barua fupi kutoka kwa kundi la watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam, miongoni mwao Sheryl McCurdy kutoka Marekani na Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili. Barua hiyo iliwashtua hata madaktari waliozoea kuona mengi. Ilieleza kuwa baadhi ya wanawake, mara tu baada ya kujidunga, walikuwa wakivuta damu yao wenyewe kwenye bomba mpaka lijae, kisha wanampa mwenzao asiye na fedha ya kununua kete, yaani kifurushi kidogo cha unga, naye anajidunga damu ile. Mtaani jambo hilo lilikuwa na jina tayari: flashblood. Aliyepokea aliamini kwamba damu ya mwenzake imebeba unga wa kutosha kumtuliza arosto, yale maumivu ya mwili mzima, kutetemeka, kutapika na kuharisha kunakompata mraibu aliyekosa dawa.

Kwa hesabu ya mwili, imani hiyo ilikuwa potofu. Kete ikishaingia mshipani inachanganyika na damu ya lita 5 hivi, na kinachorudi ndani ya mililita 4 za bomba ni kidogo mno kumsaidia mtu. Virusi ni habari nyingine. Aliyepokea bomba lile alipokea virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini moja kwa moja ndani ya mshipa, kwa wingi ambao ajali ya kujichoma sindano hospitalini haiwezi kuufikia.

Kinachouma zaidi ni sababu. Kwa waliokuwa wakifanya hivyo, ilikuwa kusaidiana. Aliyebahatika kupata fedha usiku ule alimwona shoga yake anagaagaa chini, akampa alichokuwa nacho. Watu wa nje waliposikia habari hii waliona ushenzi. Wangetazama vizuri wangeona ubinadamu wa mtu aliyekosa njia nyingine ya kumsaidia mwenzake, katika jiji ambalo wakati huo lilikuwa na polisi wa kumkamata mraibu lakini halikuwa na kliniki ya kumtuliza.

Matokeo yalionekana kwenye vipimo. Uchunguzi uliofanyika Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati shirika la Médecins du Monde lilipoanza kazi huko, ulikuta virusi vya UKIMWI kwa takriban theluthi moja ya watu waliojidunga, na wanawake walikuwa wameathirika kuliko wanaume kwa tofauti kubwa. Homa ya ini C ilikutwa kwa zaidi ya robo. Ili ukubwa wa jambo hilo uonekane, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni. Ukiacha visiwa kama Mauritius, ambayo ilitangulia, hiyo ilikuwa kliniki ya kwanza ya aina yake inayoendeshwa na serikali katika Afrika kusini mwa Sahara. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Jessie Mbwambo, alikuwa mmoja wa waliobeba kazi hiyo. Utaratibu ni rahisi kuusimulia na mgumu kuuishi. Methadoni ni dawa ya maji, ya jamii moja na afyuni, inayokaa mwilini zaidi ya saa 24 bila kumlewesha mtu aliyepimiwa kipimo chake. Kwa kawaida mraibu anafika kliniki kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, anapimiwa kikombe chake na kunywa mbele ya mhudumu. Arosto inakaa kimya. Bomba halihitajiki, la kwake wala la kuazima.

Hapo ndipo damu ilipozuiwa, na ilizuiwa bila mahubiri. Kwa kuwa mtu anafika kila siku, anapimwa virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa, anakutana na mshauri, na familia iliyokuwa imemkatia tamaa inaanza kumpa funguo za nyumba tena. Baada ya Muhimbili ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke; Zanzibar ikaanzisha huduma hiyo Kidongo Chekundu, na mikoa mingine ya bara ikafuata. Kuna mafundo bado. Nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku ni mzigo kwa mtu asiye na kazi. Wanawake wanaofika ni wachache kuliko inavyotakiwa: wengine wanafanya kazi usiku, wengine wana watoto wadogo, na jamii inamsema mwanamke mraibu kwa ukali ambao mwanamume haupati. Wale walioonekana kwenye barua ya 2005 ndio ambao kliniki bado inahangaika kuwafikia.

Temeke, Médecins du Monde walifanya pia jambo lililozua ubishi: kuwapa watu wanaojidunga mabomba mapya na kukusanya yaliyotumika. Ubishi huo haujaisha. Wapo wanaosema kwamba kumpa teja sindano ni kumbariki aendelee. Hoja hiyo inavutia barazani, lakini inasahau mambo yaliyo wazi. Mtu anayetetemeka kwa arosto hatangojea sindano safi, atatumia iliyopo. Ana mke au mume, pengine ana mtoto tumboni. Na bomba lililotupwa kichochoroni linamsubiri mtoto anayecheza mpira pekupeku. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza huduma hii kwa miaka mingi kwa sababu inapunguza maambukizi na haijaonekana kuongeza idadi ya wanaojidunga. Anayeipinga ana wajibu wa kuonyesha kitu kilicho bora kuliko hicho, na kukamata watu peke yake kulishajaribiwa.

Tutoke maskani, msikilizaji, twende mahali panapoheshimika zaidi. Kutoka Kariakoo hadi Mchikichini, Ilala, si mbali kwa miguu. Hapo ndipo kilipo kituo cha damu salama cha kanda ya mashariki. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitafutia damu yenyewe, na mtafutaji mkuu alikuwa ndugu wa mgonjwa. Mama akitokwa na damu wakati wa kujifungua, ukoo mzima uliitwa, shemeji akanyoosha mkono, kazi ikaisha.

Utaratibu huo una upendo mwingi ndani yake na una hatari kubwa. Watafiti wa Muhimbili, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, waliwapima wachangia damu 1,599 wa hospitali hiyo. Homa ya ini B ilikutwa kwa asilimia 8.8 yao, kaswende kwa asilimia 4.7, virusi vya UKIMWI kwa asilimia 3.8 na homa ya ini C kwa asilimia 1.5. Ukimhesabu kila mtu mara moja, karibu mchangiaji 1 katika kila 6 alikutwa na angalau ugonjwa mmoja kati ya hayo. Hawa walikuwa watu waliosimama wima, waliokuja kwa miguu yao kutoa msaada.

Ndugu aliyeitwa hospitalini hana nafasi ya kusema hapana. Labda moyoni anajua kwamba wiki mbili zilizopita alifanya jambo la kumtia wasiwasi, lakini nani atasimama mbele ya baba mkwe aseme damu yangu msiichukue? Ananyamaza, anatoa. Maabara inapima, na vipimo ni vizuri, lakini kila kipimo kina siku zake za mwanzo ambazo kirusi kimeshaingia na hakijaonekana bado. Mchangiaji wa hiari, aliyekuja siku ambayo hakuna mgonjwa wake kitandani, anajibu maswali ya mshauri faraghani na anaweza kujitoa bila mtu kujua. Ndiyo maana damu ya hiari ni salama zaidi: maabara inapima vilevile kwa wote, lakini huyu mchangiaji amepewa nafasi ya kuwa mkweli.

Masharti yenyewe ni mepesi. Mtu awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kila chupa inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla haijaruhusiwa kwenda wodini. Wachangiaji wengi wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa hiyo shule zikifungwa akiba inapungua. Hapa wafanyabiashara wa Kariakoo wana nafasi yao. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafukiwa, na majeruhi wakakimbizwa hospitali za karibu. Damu ya kumwokoa mtu wa namna hiyo saa ile ni damu iliyokwishachangwa na kupimwa siku nyingi kabla. Inayochangwa kwa haraka jioni ya msiba, kwa nia njema, inabidi ikae foleni ya maabara kwanza.

Nia njema peke yake iliwahi kuliumiza taifa zima. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliendesha kampeni ya kutibu kichocho vijijini kando ya Mto Nile. Dawa ya wakati ule ilikuwa ya antimoni, ya kuchoma mshipani, na kila mgonjwa alihitaji sindano nyingi. Mabomba yalikuwa ya kioo, yalichemshwa harakaharaka na kutumika kwa mwingine na mwingine. Kichocho kilipungua. Homa ya ini C, ambayo wakati huo ilikuwa haijagunduliwa, ikasambaa kimyakimya ndani ya mabomba yale, na Misri ikaja kuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani na ugonjwa huo. Deni hilo limelipwa kwa kazi kubwa. Kampeni ya upimaji iliyoanza mwaka 2018 iliwafikia watu zaidi ya milioni 60, wagonjwa zaidi ya milioni 4 wakatibiwa kwa vidonge, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kwa kuwa karibu kuumaliza ugonjwa huo. Homa ya ini C haina chanjo, lakini kwa vidonge vya majuma 12 hivi inapona. Hilo watu wengi wa hapa hawajaambiwa.

Sindano za hospitali zetu leo ni za kutumia mara moja na kutupa, na hayo ni mafanikio makubwa. Lililobaki ni tabia ya kupenda sindano. Wagonjwa wengi bado wanaamini kwamba sindano inaponya upesi kuliko kidonge, na wapo wanaoingia duka la dawa kichochoroni wakiomba wachomwe haraka wawahi biashara. Duka la kuuzia dawa si mahali pa kuchomea sindano. Kidonge kikitosha, kidonge ndicho kinga ya kwanza, maana hakina ncha. Sindano ikibidi, mgonjwa ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele ya macho yake, na kuona bomba likiingia kwenye kisanduku cha manjano mara baada ya kutumika, bila kurudishiwa kifuniko. Kurudisha kifuniko kwa mikono miwili kumewachoma wauguzi wengi.

Kisanduku kile kikijaa kinatakiwa kwenda kwenye tanuri la hospitali. Sindano zinazokwepa njia hiyo, za kujidungia na hata za wagonjwa wa kisukari wanaojichoma insulini nyumbani, zinaangukia kwenye mfuko wa taka. Na Kariakoo taka zake zinabebwa kwa mikono. Kuna akina mama wanaofagia barabara usiku na alfajiri, vijana wanaosukuma mikokoteni ya taka, na waokota makopo wanaopekua kila mfuko kutafuta chupa za plastiki. Wengi wao hawana glavu za maana. Akichomwa, mzoa taka hufyonza damu na kuitema, au hukamua kidonda mpaka kichuruzike, na yote mawili hayamsaidii. Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni, kisha safari ya kituo cha afya siku ileile. Mnazi Mmoja iko hapo kando, Amana haiko mbali. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya ajali, zile ambazo wahudumu huziita PEP, hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28 bila kukatisha. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani anaweza kumlinda mzoa taka kwa kuweka sindano ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kuirudisha hospitalini.

Turudi sasa kwenye wembe. Kwenye viti vya saluni vya Kariakoo mazungumzo huwa mafupi. Mteja anasema, "Kaka, naomba wembe mpya." Kinyozi anajibu, "Usijali bosi, huu nimeupiga spiriti." Mteja anaona haya kubishana, anainamisha shingo. Haya hiyo ndiyo ileile iliyomfunga mdomo shemeji mbele ya baba mkwe. Spiriti iliyonyunyizwa mara moja na kufutwa kwa kitambaa kilichofuta vichwa vingine haitoshi. Chombo cha chuma kinachorudiwa, kama kikasi, kinaoshwa kwanza kwa maji na sabuni kiondoke damu na uchafu, halafu kinalowekwa dakika 10 kwenye maji ya klorini. Wahudumu wa afya nchini wamefundishwa kipimo chake kwa miaka mingi: JIK yenye nguvu ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Kisha kinasuuzwa na kukaushwa kisishike kutu. Mashine ya umeme haiwezi kulowekwa nzima, kwa hiyo meno yake yafunguliwe yasafishwe, au mteja anayeweza aje na ya kwake.

Wembe haulowekwi wala haupigwi spiriti. Unatupwa. Na kama kuna mahali ambapo hakuna kisingizio cha kukosa wembe mpya, ni Kariakoo, soko linalouza nyembe kwa maboksi mpaka mikoani na nchi jirani. Duka la jumla liko mlangoni mwa saluni. Bei ya wembe mmoja ni ndogo kuliko kitu kingine chochote kinachotumika kwenye kiti kile. Kinachokosekana ni mteja kuuliza bila kuonekana ana dharau, na kinyozi kufungua pakiti bila kungoja kuulizwa. Vinyozi wengine wameshaanza: wanainua wembe juu, wanachana karatasi yake mbele ya kioo, mteja anaona. Hao wanastahili wateja wengi zaidi. Jambo hilohilo liwahusu wanaotoga masikio, wanaochora tatuu, ngariba na waganga wanaochanja chale, ambao wakati mwingine huchanja familia nzima kwa wembe mmoja, baba, mama na watoto, kwa mfuatano.

Watoto ndio wenye hatari kubwa zaidi. Mchanga akiambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wake wa kwanza, uwezekano wa kubaki nayo maisha yake yote ni kama 9 katika kila 10. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida unaifukuza wenyewe. Wanaobaki nayo hawafiki 5 katika kila 100. Ndiyo maana Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, na leo mtoto anaipata ndani ya chanjo ya pamoja akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo nchi hii imeyafanya kwa kizazi chake.

Lakini hesabu ya umri inaacha pengo. Kinyozi wa miaka 30, mfagiaji wa miaka 45, dada wa saluni aliyezaliwa mwaka 1998, wote walizaliwa kabla ya mpango huo, na wengi wao hawajawahi kuchanjwa. Kwa mtu mzima chanjo ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi 6, na kabla ya kuanza anapimwa kujua kama tayari anayo. Aliyekutwa nayo si wa kufukuzwa kazi. Anahitaji daktari wa kufuatilia ini lake, na dawa zipo za kukitiisha kirusi.

Jiji linajua namna ya kuwafikia. Mama lishe wa Kariakoo hutakiwa apimwe afya kwa sababu anashika chakula cha watu. Saluni zina leseni, na maofisa afya wa kata wanazipitia. Leseni hiyo inapokatwa upya, cheti cha chanjo ya homa ya ini B kiwe kwenye karatasi zinazoombwa, na dozi itolewe kwa bei ambayo kinyozi anaweza kuilipa, au bure. Kwa wafagiaji na wazoa taka iwe kwenye mkataba: kampuni inayopewa zabuni ya kusafisha mitaa ya katikati ya jiji ionyeshe, pamoja na idadi ya magari na mifagio, kwamba kila mtu wake ana buti, glavu ngumu na dozi tatu mwilini kabla hajapewa zamu ya kwanza.